Darubini ya kutazamia ndege Unguja na Pemba: 8x25, 8x32, 8x42 au 10x42?

Dukani utaulizwa unataka darubini ya mara ngapi, na wengi hujibu "kubwa kabisa". Matokeo yake ni chombo kizito kinachotikisika mkononi, kisha kinaishia kabatini. Afadhali uanze kwa kujiuliza utasimama wapi nayo. Chini ya miti ya msitu wa Ngezi, Pemba, au Jozani, Unguja, saa 2 asubuhi bado kuna kiza cha majani. Kwenye ghuba ya Chwaka nako maji yakipwa ndege wako mbali, na jua linapiga mpaka unakunja uso. Darubini inayokufaa mahali pamoja hapo inaweza kukusumbua mahali pengine.

Vipimo vinavyowapa watu shida kuchagua ni vinne: 8x25, 8x32, 8x42 na 10x42. Hapa vinapimwa kwa vigezo vilevile, kisha chini kuna ushauri kwa hali ya kila mtu.

Namba zinasema nini

Namba ya kwanza ni mara za ukuzaji. Kwa mara 8, ndege aliye mita 80 utamwona kana kwamba yuko mita 10. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, utapata kipenyo cha duara la mwanga linaloingia jichoni: 42 kwa 8 ni milimita 5.25.

Duara hilo linaonekana kwa macho. Nyoosha mkono, elekeza darubini kwenye anga jeupe (kamwe usielekeze kwenye jua), kisha tazama vioo vya upande wa jicho bila kuvisogelea. Katikati ya kila kioo kuna kiduara cheupe. Kikiwa cha mviringo kamili na kimeng'aa mpaka ukingoni, prizimu (vioo vya ndani vinavyopindisha mwanga) ni nzuri. Kikiwa na pembe za kijivu mithili ya mraba, prizimu ni za daraja la chini na zinakula mwanga.

Hapo ndipo zinapoumbuka darubini za bei poa zenye lenzi nyekundu, zilizoandikwa 20x50 au 30x60. Chukua rula upime lenzi ya mbele. Ukikuta milimita 22 tu, jiulize hiyo 60 imetoka wapi. Kisha pima kiduara cha mwanga. Gawa kipenyo cha lenzi kwa kipenyo cha kiduara, na hapo utajua inakuza mara ngapi kwa kweli. Ule wekundu nao hauongezi kitu. Unarudisha nje sehemu ya mwanga mwekundu, na ndege unamwona wa kijanikijani.

| Kipimo | Duara la mwanga | Uzito wa kawaida | Upana wa mwono kwa mita 1,000 |
|---|---|---|---|
| 8x25 | mm 3.1 | gramu 250–380 | mita 105–120 |
| 8x32 | mm 4.0 | gramu 450–600 | mita 125–150 |
| 8x42 | mm 5.25 | gramu 600–850 | mita 120–145 |
| 10x42 | mm 4.2 | gramu 600–850 | mita 95–120 |

Vigezo

*Uzito.* Gramu 700 dukani si kitu. Saa tatu baadaye, katika joto la kaskazi na shati limelowa, ukanda mwembamba unakata shingo. Mkanda wa mabegani, ule unaopita kwapani na kukutana mgongoni, huhamisha mzigo wote. Kwa anayevaa mtandio una faida nyingine: unavaliwa chini ya kitambaa, kwa hiyo hakivutwi kila unapoinua mikono.

*Mwanga.* Kwenye jua kali mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3. Chini ya miti mikubwa hufunguka hadi 4 au 5. Usiku, mboni ya kijana hufika 7, lakini ya mtu aliyepita miaka 50 mara nyingi haizidi 5. Mwanga uliozidi mboni hauingii. Kwa hiyo adhuhuri ufukweni, 8x25 na 8x42 zenye vioo vya ubora mmoja hung'aa sawasawa. Vitabu vya Ulaya husifu lenzi kubwa kwa sababu kwao machweo ni marefu. Kwetu jua likishazama, dakika ishirini na kitu tu giza limeingia. Faida ya lenzi kubwa tunaipata zaidi msituni kuliko magharibi. Duara kubwa lina wema mwingine, nao ni kusamehe. Jicho likisogea kidogo, picha haizimiki, na hilo utalishukuru ukiwa ndani ya boti.

*Upana na kina.* Mwono wa mita 130 kwa mita 1,000 maana yake ni mita 2.6 kwa ndege aliye mita 20. Wa mita 105 ni mita 2.1. Tofauti hiyo ya nusu mita ndiyo inayoamua kama utamkuta chozi anayeruka ua hadi ua au utabaki unatazama majani. Pia darubini ya mara 8 huonyesha kina chenye ukali kama mara moja na nusu ya ile ya mara 10, kwa hiyo gurudumu la fokasi (la kunolesha picha) hulizungushi kila ndege akibadilisha tawi.

*Mtetemo.* Darubini inakuza ndege pamoja na kutetemeka kwa mkono wako. Upepo wa kusi ukivuma, mara 10 inacheza kuliko mara 8.

*Miwani.* Tafuta umbali wa jicho (nafasi kati ya jicho na kioo cha nyuma ambayo bado unaona picha yote) usiopungua milimita 15. 17 au 18 ni raha zaidi. Ukiwa pungufu utaona kitundu katikati na weusi pembeni. Mvaaji wa miwani ashushe vikombe vya macho, asiyevaa avipandishe.

8x25: ya mfukoni

*Shingoni.* Huisikii. Ukiikunja inaingia mfuko wa kanzu. Lakini nyingi zina bawaba mbili, na kila ukiitoa inabidi uzipange upya zilingane na macho. Wepesi wake nao una gharama: kitu chepesi hakitulii mkononi, na mwenye vidole vinene hana pa kushika.

*Msituni.* Hapa ndipo inaposhindwa. Ninga wa Pemba aliye juu ya mti mkubwa, kijani na kijivu ndani ya majani ya kijani, anabaki kivuli.

*Pwani.* Kwenye jua haina aibu. Sululu aliye mita 60 utauona mdomo wake ulivyopinda, na yangeyange utamtambua kwa rangi ya miguu.

*Inamfaa* mtu ambaye kazi yake si ndege lakini hataki kuwakosa: mwalimu, mpiga picha, mvuvi, au msafiri wa boti ya Pemba mwenye mkoba mmoja. Mwenye miwani aijaribu kwanza.

8x32: ya kati

*Shingoni.* Nusu kilo, kidogo juu au chini. Unaweza kuivaa tangu alfajiri mpaka adhuhuri bila kuikumbuka.

*Msituni.* Milimita 4 zinatosha muda mwingi wa mchana, hata Jozani. Inaanza kupungukiwa asubuhi mapema, siku za mawingu ya masika, na kwenye vichaka vizito. Kwa upande wa upana mara nyingi ndiyo ya kwanza kati ya hizi nne. Kwa chozi na kinengenenge wanaohama tawi kila baada ya sekunde mbili, upana huo una thamani kuliko mwanga wa ziada.

*Pwani.* Nzuri kama 8x42, maana jua linafuta tofauti yao.

*Inamfaa* anayetembea sana, mwenye mikono midogo, na mwenye shingo au bega linalouma. Tahadhari mbili. Kwa kampuni moja na ubora mmoja, bei yake mara nyingi inakaribia ile ya 8x42, kwa hiyo usitegemee kuokoa fedha nyingi. Na baadhi zina umbali mfupi wa jicho.

8x42: ya msitu

*Shingoni.* Inahitaji mkanda mpana au wa mabegani. Uzito wake hata hivyo unasaidia mkono kutulia, na mwili wake mrefu unashikika vizuri.

*Msituni.* Pemba ina ndege wanne wasiopatikana popote pengine duniani: ninga wa Pemba, bundi mdogo wa Pemba, kinengenenge wa Pemba na chozi wa Pemba. Chozi na kinengenenge utawaona hata bustanini na kwenye mikarafuu, mchana kweupe, kwa darubini yoyote kati ya hizi. Ninga na bundi ndio wanaodai milimita tano. Ninga hukaa kimya juu, ndani ya majani, na ukitazama kutoka chini anga jeupe nyuma yake linamfanya mweusi. Duara kubwa na vioo vilivyopakwa tabaka nyingi kila upande hurudisha rangi: kijani cha mwili, na ule wekundu wa shina la mdomo. Bundi huita baada ya magharibi. Ukimpata kwa tochi hafifu, lenzi ya 42 inakuonyesha manyoya pale ambapo ya 25 inakuonyesha macho mawili tu. Usimmulikie kwa muda mrefu. Unamharibia usiku wake.

Angalia umbali wa karibu wa fokasi. Nzuri zinafika mita 2. Darubini za zamani zenye mabega mapana huanzia mita 4 au 5, na chozi akija kwenye ua lililo mbele yako itabidi urudi nyuma.

*Pwani.* Inatosha ukijua saa ya kwenda. Siku za bamvua, Zanzibar maji hujaa karibu na saa 10 alfajiri na saa 10 alasiri, na kati ya kujaa na kupwa kuna karibu mita 4. Pwani ya mashariki asubuhi unatazama jua usoni, ndege wote weusi, na maji yamekwenda zake. Nenda saa 9 alasiri. Maji yanapanda na kuwasogeza ndege kwako, na jua liko mgongoni. Ukifanya hivyo utaona mara 8 haikosi kitu.

*Inamfaa* muongozaji wa msituni, mwenye miwani, anayeanza na anayetaka darubini moja tu. Haimfai anayejua ataiacha nyumbani kwa sababu ya uzito.

10x42: ya kupwa

*Shingoni.* Uzito ni uleule wa 8x42, lakini mikono inachoka mapema kwa sababu unapigana na mtetemo.

*Msituni.* Inawezekana, ila kwa tabu. Upana umepungua, kina kimepungua, na duara la mwanga ni sawa na la 8x32 ambayo ni nyepesi kwa gramu 150 au zaidi. Ndege aliye juu kabisa ya mti na asiyehama, kama shorobo wa Jozani anayekula matunda, atakupa nafasi. Wale wadogo wanaohangaika watakukimbia.

*Pwani.* Hapa ndipo kwake. Tangu Septemba mpaka Aprili, ndege wa pwani kutoka kaskazini ya dunia wanajaa kwenye matope na michanga yetu, na baadhi yao wanafanana mno. Kuna vitwitwi wawili wa mchangani ambao hutenganishwa kwa unene wa mdomo na urefu wa miguu, kazi isiyofanyika vizuri kwa mara 8 ndege akiwa mita 100. Mla-kaa mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene anajulikana hata kwa mbali, lakini kumtenga kinda na mkubwa kunahitaji hizo mara mbili za ziada: aliye mita 200 unamwona kama yuko mita 20, badala ya 25.

Mipaka yake ni mazigazi. Kuanzia saa 4 au 5 asubuhi joto linapanda kutoka kwenye mchanga na picha inachemka. Wakati huo mara 10 inakuza uchemkaji, na hata darubini ya miguu mitatu (ile ya bomba moja, yenye ukuzaji mkubwa, inayowekwa juu ya stendi) haikuokoi.

Mtetemo hupunguzwa kwa namna ya kushika. Viwiko vibane kifuani, vidole gumba viguse mashavu, na shika mbele zaidi, karibu na lenzi. Au kaa chini uegemee mnazi (si ule wenye nazi zilizokauka). Nyingi zina kitundu cha skrubu mbele ya bawaba kwa ajili ya kufunga kwenye stendi.

*Inamfaa* anayehesabu ndege wa pwani, mwenye mkono mtulivu, na anayetazama akiwa amesimama mahali pamoja. Haimfai wa botini.

Vipo na vipimo vingine. 7x50 ni ya mabaharia: imetulia na inang'aa, lakini inakaribia kilo moja, na duara lake la milimita 7.1 linapotea bure mchana. 10x50 ni nzito vilevile na kwa ndege haizidi 10x42 ila jioni. Darubini za kusogeza ukuzaji, zilizoandikwa kwa mfano 8–24x50, ziache. Mwono wake ni mwembamba, na ukipandisha ukuzaji picha inafifia.

Unyevu na chumvi

Kwetu darubini haifi kwa kuanguka tu. Kinachoziua nyingi ni kuvu, nyuzi nyeupe kama utando wa buibui zinazoota ndani ya lenzi na kula mpako wa kioo. Ndiyo sababu iliyofungwa kwa naitrojeni na pete za mpira, isiyoingiza maji, ina thamani hapa kuliko nchi kavu. Alama ya IPX7 maana yake imepimwa kuzamishwa mita 1 kwa dakika 30. Kati ya 8x42 isiyozuia maji na 8x32 inayozuia, za bei moja, ya pili itaishi zaidi Zanzibar.

Ukitoka ufukweni, ile isiyoingiza maji imwagilie maji baridi (yasiyo na chumvi) kabla ya kugusa kioo. Usiipanguse kavu kwa kanga. Chembe za chumvi na mchanga zinageuka msasa. Usiku ihifadhi penye hewa, au kwenye mkebe wenye vipakiti vya silika. Kasha la ngozi lililofungwa kabatini ni bustani ya kuvu. Mchele nao hauna kazi hapo, unaacha vumbi. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kwenye mkoba dakika kumi na tano ipate joto, la sivyo kioo kitatoka jasho. Na ukipanda Vespa ining'inize shingoni; kwenye sanduku la nyuma mtikisiko unapotosha prizimu.

Kabla ya kulipa

Toka nje ya duka. Fumba jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione ukali. Fumba la kushoto, zungusha pete ya jicho la kulia mpaka nalo lione. Kuanzia hapo tumia gurudumu la katikati tu.

Elekeza kwenye ncha ya mnara au ukingo wa paa la mbali, kisha ondoa darubini machoni polepole. Ukingo ukigawanyika kuwa miwili, mapipa hayalingani, na ukiitumia saa moja kichwa kitauma. Hilo halirekebishwi kwa kuzoea, rudisha.

Ya mitumba imulikie tochi kutoka mbele na tazama ndani kwa kuinamisha, ukitafuta utando wa kuvu na vumbi. Zungusha gurudumu mpaka mwisho wote. Likikwaruza, mchanga umeingia. Kunja bawaba: ikilegea, haitashika kipimo cha macho yako.

Kwa hali yako

Unaongoza wageni Jozani au Ngezi: 8x42. Utakuwa unampa mgeni aangalie, na duara kubwa linamwezesha kumwona ndege kabla hajaruka. Ukiongoza kutwa nzima na mgongo unalalamika, chukua 8x32 yenye vioo bora badala ya 8x42 ya kawaida.

Unahesabu ndege Chwaka au Fumba, na umekaa chini: 10x42. Baadaye utataka darubini ya miguu mitatu. Hapo 10x42 inaweza kubadilishwa kwa 8x32.

Unakwenda kisiwa cha Misali au Chumbe kwa boti: mara 8, si zaidi, na isiyoingiza maji. Usiegemeze viwiko ubavuni mwa boti, injini itakutetemesha, viache kifuani.

Klabu ya skuli: watoto wengi macho yao yako karibu kuliko milimita 56, ambacho ndicho kipimo cha chini cha darubini nyingi kubwa. Jaribu kwanza na mtoto mdogo kuliko wote. 8x25 za bawaba mbili hujikunja zaidi, lakini ukipata 8x32 inayokunjika vya kutosha, watoto watamwona ndege haraka.

Umepita miaka 50 na unavaa miwani: 8x42 yenye umbali wa jicho wa milimita 17 na kuendelea, au 8x32 yenye umbali huohuo ikiwa uzito ni tatizo. 7x50 huna haja nayo.

Mko wawili nyumbani na fedha zinatosha mbili: nunueni 8x32 na 10x42, mbadilishane. Zikitosha moja tu na matembezi yenu ni msitu na pwani kwa zamu, ishikeni 8x32 na 8x42 dukani kwa dakika tano kila moja, mkono umeinuliwa, kisha chukueni ile ambayo hamkutaka kuishusha.